Kachumbari ya Siku ya Kupura Maharage

Mwezi wa Oktoba, kijiji cha Tanque Viejo hakina mvivu. Maharage yameshang'olewa. Mashina yamelazwa shambani kwa mistari, yanakauka juani. Kazi iliyobaki ni kupura, na kupura si kazi ya mume na mke peke yao. Ni kazi ya watu wengi. Leo wanakuja kwako, kesho unakwenda kwao. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anatoa kitu kimoja tu, chakula cha mchana. Akitoa chakula kibaya, ole wake! Atasemwa mpaka Krismasi.

Jumatatu ilikuwa zamu ya shamba la Herminia na mumewe, Tranquilino.

Herminia aliamka mapema akachoma tortila, ile mikate myembamba ya mahindi. Nyingine aliziacha motoni mpaka zikakauka na kuvunjika kama biskuti. Hizo kavu ndizo zinazobeba kachumbari ya maharage. Unachukua maharage yaliyochemshwa na kupoa, unachanganya na nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, majani ya giligilani, chumvi na ndimu. Basi. Haiendi tena jikoni. Siku ya kupura ndiyo inayofaa, kwa sababu karibu na uwanja wa kupuria hakuna ruhusa ya kuwasha moto. Cheche moja ikirukia lundo la mashina makavu, mavuno ya mwaka mzima yanakuwa majivu. Hata sigara huzimwa kule barabarani.

Asubuhi ile Herminia alikuwa amenuna. Tranquilino alikuwa amemwazima kaka yake uma mkubwa wa kugeuzia mashina, bila kumuuliza mtu.

"Siku ya kupura kwetu, wewe unaazima uma!" Herminia alisema. "Tutageuza kwa nini? Kwa masharubu yako?"

"Nitaufuata, mke wangu. Nitaufuata sasa hivi."

"Ungeufuata jana!"

Tranquilino akachukua kofia yake akatoka haraka. Herminia akabaki anakata pilipili, tah, tah, tah, kama anayekata kuni.

Mama mkwe wake, Bi Eduviges, aliingia na fungu kubwa la giligilani. Alikuwa ameyachuma kwenye bustani yake kando ya mfereji. Bi Eduviges alikuwa na miaka sabini, mgongo umenyooka, na kachumbari yake ilisifiwa vijiji vitatu.

"Mkwe, usikate pilipili na uso huo," alisema. "Pilipili inajua. Ukiikata kwa hasira, inawauma watu."

"Ndiyo, mama."

Bi Eduviges akayapiga yale majani kwenye paja lake, mara mbili, vumbi likatoka. Kisha akayaweka kwenye kibao akaanza kuyakatakata. Ni kibao kilekile walichokatia kuku jana yake. Kilikuwa kimepanguswa kwa kitambaa.

"Mama, hatuyaoshi?" Herminia aliuliza.

"Ya nini? Ndimu si ipo? Ndimu inaua kila kitu. Ndimu na pilipili. Mimi nimelea watoto saba kwa ndimu."

Herminia akageukia jiko. Kwa mama mkwe kuna maneno ya kusema na maneno ya kumeza. Akafunua sufuria ya maharage. Yalichemshwa jana jioni, yakalala hapohapo juu ya jiko, yamefunikwa. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Akayanusa. Hayakunuka kitu. Akayachuja, akayamimina kwenye beseni kubwa, wakachanganya vyote, wakakamulia ndimu ishirini. Beseni likapakiwa kwenye gari la kubebea mizigo, likafunikwa turubai. Hiyo ilikuwa saa moja asubuhi.

Chakula kililiwa saa saba mchana. Watu kumi na wawili walikaa juu ya magunia, kila mmoja na tortila yake kavu mkononi. Mzee Nicanor, jirani yao wa mtaa wa juu, alirudia mara nne.

"Bi Eduviges," alisema huku akijifuta midomo, "ungekuwa mjane kabla sijaoa, ningekuoa kwa ajili ya hii tu."

"Na mimi ningekukataa," alisema Bi Eduviges. "Unakula sana."

Watu wakacheka. Kazi ikaendelea mpaka jua likashuka. Nusu ya shamba ikawa imepurwa. Walikubaliana kurudi kesho yake kumalizia.

Kesho yake hakuja mtu.

Herminia na Tranquilino walisimama uwanjani na uma wao. Wakangoja. Saa mbili asubuhi ikafika, saa tatu ikafika. Mwishowe Tranquilino akawasha gari akaenda kijijini. Aliporudi hakuteremka. Alizungumza kupitia dirishani, macho yake chini.

"Wanaumwa."

"Nani anaumwa?"

"Wote. Au karibu wote. Tumbo la kuendesha na kutapika, tangu usiku. Kila kichaka kina mtu. Mzee Nicanor wamempeleka zahanati, amewekewa dripu."

Herminia akauweka uma chini. Yeye mwenyewe tumbo lilikuwa limemsokota usiku kucha, lakini alidhani ni uchovu.

"Na wasiougua wamesemaje?"

"Wanasema wana kazi nyumbani." Tranquilino akazima gari. "Mmoja aliniambia wazi. Alisema, kwenu tutakuja kupura mkianza kutulisha mawe badala ya chakula. Mawe hayaendeshi."

Utani huo ulimchoma Herminia kuliko tusi. Alitazama shamba. Nusu nzima ilikuwa bado chini, mistari kwa mistari. Redio ilikuwa imesema mvua ya baridi itafika Jumapili. Maharage makavu yakinyeshewa yakiwa chini yanaingia madoa, yanavimba, yanaota. Hayaliwi wala hayauziki. Na wao wawili tu wasingeweza kumaliza hata kwa wiki mbili. Nusu hiyo ndiyo ilikuwa chakula chao cha mwaka, na mbegu za mwaka ujao.

Nyumbani, Bi Eduviges alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani.

"Nilikuambia," alisema. "Ulikata pilipili na hasira. Sasa ona."

Herminia akakumbuka alivyoikata ile pilipili. Kwa kweli alikuwa na hasira asubuhi ile. Je, kama ni kweli? Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Jumatano aliweka supu ya kuku kwenye kopo, akaenda zahanati kumwona Mzee Nicanor. Alitembea upande wa ukuta ili asikutane na watu.

Mzee Nicanor alikuwa amekaa kitandani, amepauka, lakini mdomo bado ulikuwa mzima.

"Karibu, mwuaji," alisema.

Herminia akabubujikwa na machozi.

"Ah, binti yangu, natania! Lete hiyo supu. Imechemshwa?"

"Imechemshwa sana, mzee."

"Basi lete."

Mhudumu wa afya alikuwa Ofelia. Alizaliwa Tanque Viejo, akasoma mjini, akarudi. Pia alikuwa mtoto wa ubatizo wa Bi Eduviges. Bibi yule ndiye aliyembeba kanisani akiwa mchanga. Ofelia akamvuta Herminia mkono, wakaketi kwenye benchi la nje.

"Dada, acha kulia. Nieleze mlivyotengeneza ile kachumbari. Kutoka mwanzo. Usiruke kitu."

"Kosa ni langu. Nilikuwa na hasira nilipokata pilipili."

Ofelia akacheka, si kwa kumdharau. "Hasira yako inaweza kumkimbiza Tranquilino. Haiwezi kumharisha Mzee Nicanor. Kinachoharisha ni vijidudu, na hasira haina vijidudu. Haya, nieleze."

Herminia akaeleza. Majani yaliyopigwa kwenye paja. Kibao cha kuku. Maharage yaliyolala na uvuguvugu. Beseni lililokaa kwenye gari saa sita nzima. Ofelia alikuwa akikunja kidole kwa kila jambo. Vidole vinne vikakunjika.

"Nani ananawa mikono shambani?" aliuliza.

"Tunajifuta kwenye suruali."

Kidole cha tano kikakunjika. Sasa Ofelia alikuwa ameshika ngumi.

"Dada, ajabu si kwamba waliugua. Ajabu ni kwamba hamkuwaugulisha miaka yote. Sikiliza. Chakula kinachochemka, moto unakusaidia. Unaua uchafu mwingi uliousahau. Kachumbari haina moto. Kwa hiyo usafi wote unatoka mikononi mwako. Ukikosea, hakuna wa kukurekebishia."

"Lakini ndimu..."

"Ndimu inaleta ladha. Inapunguza vijidudu kidogo, lakini haiui vyote. Wala pilipili haiviui. Inawasha tu ulimi wako."

Herminia akaitazama mikono yake. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Ni nani atamwambia mama?"

Ofelia akashusha pumzi. "Tutamwambia wote wawili. Wewe ukimwambia peke yako, utakuwa mkwe mjeuri. Mimi nikimwambia peke yangu, nitakuwa mtoto aliyesoma akakosa adabu. Mficha uchi hazai, dada. Twende."

Jioni ile wakamkuta Bi Eduviges jikoni. Ofelia akamsalimu, akambusu mkono kama mtoto wa ubatizo anavyotakiwa. Kisha akaomba fungu la giligilani na beseni jeupe.

"Unataka kunipikia?" Bi Eduviges aliuliza.

"Nataka kukuonyesha kitu, mama."

Akayachambua majani moja moja, akayatumbukiza kwenye maji safi, akayatikisatikisa, akayatoa. Kisha akamwonyesha beseni. Chini palikuwa na mchanga mweusi, vipande vya nyasi, na mdudu mdogo wa kijani aliyekuwa akijinyoosha.

"Huo ni udongo," alisema Bi Eduviges. "Udongo haujamwua mtu."

"Maji ya mfereji wako yanatoka wapi, mama?"

"Bwawani."

"Na kabla ya kufika kwako yanapita wapi?"

Bi Eduviges akafikiri. "Kwenye zizi la mbuzi la akina Abundio."

"Na wewe unayamwagilia majani."

"Tangu nizaliwe."

"Mama, niambie ukweli. Nikienda sasa hivi kwa Abundio, nikashika mavi ya mbuzi kwa kiganja hiki, nikaja hapa nikayafuta kwa kitambaa, halafu nikakamulia ndimu. Utalamba kiganja changu?"

Tranquilino, aliyekuwa mlangoni, akapaliwa na kahawa. Herminia akauma mdomo ili asicheke.

Bi Eduviges hakucheka. Alitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha akatazama beseni jeupe. Akamtazama Herminia.

"Mimi ndiye niliyeyaleta yale majani," alisema taratibu.

"Mama, hatukuja kukulaumu..." Herminia alianza.

"Nimesema, mimi ndiye niliyeyaleta. Uliniuliza kama tuyaoshe. Nikakuambia ya nini." Akasimama. "Na halafu nikakuambia ni hasira zako."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Chakula cha jioni hakukila. Herminia alimwekea sahani mlangoni. Alikuwa na huruma naye, na aliona aibu kwa huruma hiyo, maana siku mbili zile alikuwa amemchukia.

Alhamisi asubuhi chumba cha Bi Eduviges kilikuwa kitupu. Shali yake nyeusi haikuwepo. Walimtafuta bandani kwa kuku, zizini kwa mbuzi, kanisani. Hayupo.

Saa sita mchana akarudi, amejaa vumbi mpaka magotini. Akaketi akaomba maji. Alikunywa glasi mbili.

"Mama, ulikuwa wapi?" Tranquilino aliuliza. "Tumekutafuta kila mahali!"

"Nimekwenda kwao."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Nyumba kumi na mbili. Nimewaambia kwamba ni mimi niliyewaumiza, si mkwe wangu. Sikuosha majani. Nimewaambia tutapura kesho na keshokutwa, kwa sababu mvua inakuja. Nimewaambia chakula kitatengenezwa kama Ofelia anavyotaka, na atakuwepo mwenyewe kusimamia."

Herminia akamjazia glasi ya tatu. Mwanamke yule, tangu amjue, hakuwahi kuomba radhi kwa mtu yeyote.

"Wamesemaje?" Tranquilino aliuliza.

"Wengine walinyamaza. Mke wa Nicanor alinifungia mlango, kisha akafungua akanipa kiti." Bi Eduviges akavua viatu. "Sijui kama watakuja. Lakini wameshasikia. Sasa mwiteni huyo mtoto wangu wa ubatizo. Sitaki kukosea tena."

Ofelia alikuja jioni na chupa ndogo ya matone ya kusafishia mboga. Kazi ikaanza.

Kwanza, mikono. Maji yanayotiririka na sabuni, mpaka kwenye viwiko, na chini ya kucha. Bi Eduviges alinawa kama daktari anayekwenda kupasua.

"Maharage yako wapi?" Ofelia aliuliza.

"Yamelowekwa tangu mchana," alisema Herminia. "Lakini kama kachumbari haipikwi, si tungeyaweka hivihivi, yameshalainika?"

"Thubutu! Kachumbari haipikwi. Maharage yanapikwa. Maharage makavu yaliyolowekwa tu yana sumu yake ya asili. Yanatapisha. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, yachemshe kwa moto mkali yatokote kweli, halafu yaendelee mpaka yawe laini kabisa. Ukibonyeza moja kwa vidole, libonyee lote."

"Hilo tunalijua," alisema Bi Eduviges. Alifurahi kuwa na kitu anachokijua.

Maharage yalipoiva, Herminia alitaka kuyafunika kama kawaida. Ofelia akamzuia.

"Sufuria iliyofunikwa inakaa na uvuguvugu usiku mzima. Vijidudu vinapenda uvuguvugu kama paka. Yachuje, yatandaze kwenye sinia pana yapoe upesi. Yakipoa, friji. Yakae humo mpaka asubuhi."

Ijumaa alfajiri wakafanya mboga. Nyanya, vitunguu, pilipili na hata ndimu zenyewe zikaoshwa kwanza kwa maji yanayotiririka. "Ndimu pia?" Herminia alishangaa. "Kisu kinapita kwenye ganda kisha kinaingia ndani," alisema Ofelia. "Kinabeba kilichokuwa nje." Giligilani yakachambuliwa, mashina ya chini yakatupwa, yakaoshwa mpaka beseni jeupe likabaki jeupe. Kisha yakalowekwa kwenye maji yenye matone. Ofelia akampa Herminia chupa asome maandishi.

"Matone mangapi, na kwa dakika ngapi?"

Herminia akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akasoma sawasawa.

"Usikisie kamwe," Ofelia alisema. "Kila chupa ina maelekezo yake. Soma kila mara."

Kibao cha kuku kilisuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, kikarudishwa kuwa cha nyama tu. Tranquilino alikuwa ametengeneza kibao kipya kwa mbao ya msonobari. Akakichorea picha ya nyanya pembeni ili kisichanganywe. Nyanya yenyewe ilifanana zaidi na jicho, lakini hakuna aliyemwambia.

Walikata kila kitu, lakini hawakuchanganya. Hilo lilikuwa wazo la Bi Eduviges.

"Ukitia chumvi mapema nyanya zinatoa maji, inakuwa supu," alisema. "Tutachanganya hukohuko."

"Vizuri sana, mama," alisema Ofelia. "Na itakaa muda mfupi zaidi nje."

Kila kitu kikaingia kwenye kasha la baridi, barafu juu na chini. Wakachukua pia dumu la maji lenye bomba na sabuni.

Kisha wakaenda shambani wakangoja. Herminia alihesabu. Wa kwanza alikuja Abundio wa mbuzi. Kisha wawili. Kisha wanne wakiwa pamoja nyuma ya gari. Saa mbili na nusu walikuwa watu tisa. Wa kumi alikuwa Mzee Nicanor, ameegemea fimbo.

"Sikuja kufanya kazi," alisema. "Nimekuja kuangalia."

Trekta ya kukanyagia mashina ikaanza kuzunguka juu ya lundo. Uma zikainuka na kushuka. Maganda yakapasuka, vumbi likapanda, maharage yakaanza kujikusanya chini. Ilipofika saa saba, Bi Eduviges akafungua kasha. Akamwaga maharage baridi kwenye beseni, akatia nyanya, kitunguu, pilipili, majani ya kijani. Akakamua ndimu, akatia chumvi, akageuza kwa kijiko kikubwa. Harufu ikatoka ileile ya zamani.

Hakuna aliyesogea.

Watu walitazama viatu vyao. Mmoja akasema hana njaa. Mwingine akasema ameleta mkate wake. Herminia alishika ukingo wa beseni. Wasipokula, watakwenda zao kwa heshima, na kesho hawatarudi.

Bi Eduviges akachukua tortila kavu, akaijaza, akala mbele yao wote. Akamaliza. Akachukua ya pili.

"Yeye tumbo lake limezoea," mtu alinong'ona.

Mzee Nicanor akainuka polepole juu ya fimbo yake.

"Mimi ndiye niliyeumwa kuliko ninyi nyote," alisema. "Ninyi mliendesha usiku mmoja. Mimi nilitundikiwa chupa kama ng'ombe wa maonyesho. Kwa hiyo mimi ndiye mwenye haki ya kukataa, au ya kukubali." Akamgeukia Bi Eduviges. "Majani?"

"Yameoshwa. Yamelowekwa kwenye dawa. Nimeyaosha mwenyewe."

"Maharage?"

"Yamelala kwenye friji. Gusa."

Mzee Nicanor akanyoosha kidole kuelekea beseni.

"Mkono!" Bi Eduviges alifoka. "Nicanor, kanawe! Unataka kunichafulia kachumbari yangu?"

Kidole kikabaki hewani. Kisha Abundio akaangua kicheko, na wengine wakafuata, mpaka uwanja mzima ukavuma. Mzee Nicanor akaenda kwenye dumu akanawa kwa sabuni, akarudi ameinua mikono juu kama aliyetekwa. Akala. Akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Ina pilipili," alisema. "Jazeni."

Wakapanga foleni kwenye dumu, sabuni ikapita mkono hadi mkono. Wakala mpaka beseni likabaki na mabaki kidogo. Bi Eduviges alitaka kuyarudisha nyumbani. Ofelia akamtazama tu.

"Imekaa nje muda wa saa mbili karibu," alisema Bi Eduviges mwenyewe, na akawamwagia kuku wa jirani. Iliuma mkono wake kutupa chakula, hilo lilionekana. Lakini alimwaga.

Usiku ule Herminia hakulala vizuri. Alisikiliza tumbo lake. Tumbo lilikuwa kimya. Lakini matumbo ya watu kumi angeyasikiaje?

Jumamosi alisimama barabarani kabla ya jua. Baridi ilikuwa kali, na upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamejipanga. Tranquilino alikuja akasimama kando yake. Bi Eduviges akaja na shali yake, akasimama upande wa pili.

Gari la kwanza likatokea kwenye kona. Abundio alikuwa anaendesha. Nyuma walikaa watu, wamejifunika mablanketi. Herminia akaanza kuhesabu, akachanganyikiwa, akaanza tena. Watu kumi wa jana wote walikuwemo. Na wale wawili ambao jana hawakuja, walikuwemo pia. Na mke wa Mzee Nicanor, aliyefunga mlango, alikuwa ameketi mbele na ndoo mapajani.

"Habari za matumbo?" Tranquilino alipaza sauti.

"Matumbo yanauliza chakula ni saa ngapi!" Abundio akajibu.

Herminia alijaribu kucheka, akajikuta analia mbele ya watu wote, na safari hii hakujificha nyuma ya nyumba. Mke wa Mzee Nicanor akateremka, akampa Bi Eduviges ile ndoo. Ndani mlikuwa na nyanya.

"Nionyeshe unavyoloweka hayo majani," alisema. "Mashina yangu yako bandani, mvua ikiisha watapura kwangu."

Walifanya kazi bila kupumzika. Saa kumi na moja jioni gunia la mwisho lilishonwa mdomo, likabebwa ghalani. Mvua ikaja Jumapili, wakati wa misa, ikanyesha siku tatu mfululizo juu ya shamba ambalo halikuwa na hata punje moja ya kuoza.